Kabla Mifumo Haijasomana: Mwongozo kwa Wauzaji wa Nachingwea na Ruangwa

Mwongozo huu ni wako wewe meneja au karani wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), wewe mwenye Fuso linalobeba mzigo kutoka gulioni kwenda ghala kuu, wewe mama unayeongoza kikundi cha kubangua korosho, na wewe kijana uliyepata oda ya kupeleka nyanya na kuku mgodini. Kazi zenu ni tofauti ila tatizo lenu ni moja. Mnawauzia watu wanaofanya hesabu zao kwenye kompyuta, na hesabu zenu hazilingani na zao. Mzigo umeshapokelewa, pengine umeshaliwa au umeshapakiwa melini Mtwara, lakini malipo yamekwama kwa sababu namba moja kwenye karatasi yako haifanani na namba iliyomo kwenye mfumo wa mnunuzi.

Miaka ya karibuni agizo linalosikika kwenye kila mkutano wa viongozi ni kwamba mifumo isomane. Ni agizo jema, nami naliunga mkono. Lakini mfumo husoma kile ulichoandikiwa. Kama AMCOS imeandika magunia, ghala limeandika kilo na benki imeandika jina la mtu kwa herufi nyingine, kuiunganisha mifumo hiyo kutafanya makosa yaende mbio zaidi. Makubaliano hutangulia, nyaya hufuata. Na makubaliano hayo hayahitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Mnaweza kuyafanya ninyi wenyewe mkiwa na meza, daftari na mzani uliokaguliwa.

Chora njia ya mzigo wako

Anza kwa kuhesabu vitabu ambavyo kilo moja ya korosho inaandikwa kabla hela haijamfikia mkulima. Gulioni karani wa AMCOS anapima na kutoa risiti. Dereva anabeba hati ya kusafirishia. Mwendesha ghala anapima upya, anachukua sampuli na kutoa stakabadhi chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao msingi wake ni sheria ya mwaka 2005 na ambao ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08. Chama kikuu, kwa upande wenu RUNALI inayounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinakusanya stakabadhi hizo na kuandaa orodha ya mauzo. Mnada unafanyika kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambalo tangu 2024 ndilo linaloendesha minada ya korosho kwa njia ya mtandao. Mnunuzi analipa, fedha zinapita benki, makato yanakatwa, ushuru wa halmashauri unatolewa, na kinachobaki kinaingia kwenye akaunti ya mkulima. Ongeza Bodi ya Korosho, TRA na bandari. Kilo ileile imeandikwa mara nane au tisa, na watu ambao hawajawahi kukaa chumba kimoja.

Chukua karatasi ya manila, uchore njia hiyo kwa mzigo wako mwenyewe. Kila mahali mzigo unapobadilisha mikono, andika mambo matatu: nani anaandika, anaandika kwa kipimo gani, na anautambua mzigo kwa namba ipi. Ukimaliza utaona penye ufa. Kwa kawaida ufa haupo katikati ya kitabu cha mtu. Upo pale kitabu kimoja kinapopokea kutoka kingine, na ndipo pa kuelekeza nguvu zako.

Majina na namba za watu

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo wakulima wanapoumia zaidi. Mzee aliyepulizia salfa tangu Juni hastahili kufika Januari, shule zinafunguliwa na wajukuu wanadai sare, hela yake ingali inaelea benki kwa ajili ya herufi moja. Jambo hilo huniudhi kila ninapolikuta, kwa sababu kulizuia ni kazi ya siku moja.

Jina peke yake halimtambulishi mtu. Katika kata moja ya Nachingwea unaweza kuwapata akina Hamisi Saidi watatu, na mmoja wao kwenye kitambulisho ameandikwa Khamis Said. Benki inamjua kwa majina matatu, AMCOS inamjua kwa mawili, kijijini anajulikana kwa jina la utani. Mwanamke aliyeolewa ana akaunti ya jina la baba na shamba lililoandikishwa kwa jina la mume. Kwa hiyo daftari lako liwe na namba ya mwanachama isiyobadilika, na pembeni yake jina kama lilivyoandikwa benki, herufi kwa herufi. Usilisahihishe wewe. Kama benki imekosea, mkulima aende akarekebishe benki. Ukirekebisha kwako tu, umezaa jina la tatu.

Sasa sikiliza kuhusu namba ya NIDA, kwa maana kosa hili halionekani kwa macho. Namba hiyo ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, tano zinazofuata ni za eneo. Ukiiandika mfululizo bila vistari kwenye jedwali la Excel, programu inaichukulia kuwa ni hesabu, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za hesabu. Tano za mwisho inazigeuza kuwa sifuri, kimya kimya. Zilizobaki ni tarehe, eneo na tarakimu mbili, ambazo watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kuchangia. Ukikumbuka kwamba wazee wengi ambao siku yao ya kuzaliwa haikujulikana waliandikishwa kwa tarehe ya jumla, utaelewa kwa nini faili lako linarudishwa na maneno kwamba wakulima kadhaa wana kitambulisho kimoja. Ubaya wake ni kwamba ukishahifadhi faili, zile tarakimu hazirudi. Itabidi mkakusanye vitambulisho upya.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kuandika chochote, teua safu nzima na uiwekee mpangilio wa maandishi, si wa hesabu. Au andika namba pamoja na vistari vyake kama ilivyo kwenye kadi. Fanya vivyo hivyo kwa akaunti za benki na namba za simu, kwa sababu sifuri ya mwanzo nayo huliwa: 0784 inageuka 784, na akaunti inayoanza na sifuri inapungua tarakimu moja, malipo yanarudi. Ukimaliza, funga faili, lifungue tena, ulinganishe wakulima kumi na kadi zao mkononi. Usiwachague wa juu tu. Chukua wa juu, wa katikati na wa mwisho.

Wanaokumbuka msimu wa 2018/19 wanajua gharama ya orodha isiyoaminika. Novemba 2018 Rais Magufuli aliamua Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likasomba mzigo. Bei ilikuwa inajulikana na korosho zilikuwa ghalani, lakini malipo ya wengi yalisubiri uhakiki wa wakulima, kwa kuwa ilihofiwa kwamba mzigo wa kangomba, yaani wa walanguzi, umepenyezwa kwa majina ya wakulima. Maofisa walilazimika kwenda vijijini kuuliza nani ana shamba na lina mikorosho kiasi gani. Orodha safi, yenye jina, namba, shamba na akaunti, ingeyajibu maswali hayo ofisini.

Uzito, unyevu na gunia tupu

Ugomvi wa pili kwa ukubwa ni wa kilo. AMCOS inasema ilipeleka kilo 10,000, ghala linasema lilipokea 9,800, na kila upande unamtazama mwenzake kama mwizi. Mara nyingine wizi upo kweli. Lakini kabla ya kumshika mtu shati, fanyeni hesabu hizi mbili.

Ya kwanza ni unyaufu. Tuseme korosho zilipimwa gulioni zikiwa na unyevu wa asilimia 10. Katika kilo 10,000, maji ni kilo 1,000 na korosho kavu ni kilo 9,000. Zikikaa wiki kadhaa hadi unyevu ukashuka kuwa asilimia 9, zile kilo 9,000 kavu sasa ni asilimia 91 ya mzigo wote. Gawanya 9,000 kwa 0.91, unapata kilo 9,890. Kilo 110 zimepotea na hakuna aliyeiba hata punje. Kwa bei ya shilingi 3,000 hizo ni shilingi 330,000. Unyevu ukishuka hadi asilimia 8, upungufu unafika kama kilo 217. Kwa hiyo swali la maana ni hili: mkataba unasema upungufu huo ni wa nani, na tangu siku ipi? Kama haukusema, utabebwa na mnyonge, na mnyonge katika mlolongo huu ni mkulima.

Ya pili ni gunia lenyewe. Kilo 10,000 ni magunia 125 ya kilo 80. Kama gunia tupu la katani lina kilo moja, na AMCOS imepima pamoja na gunia huku ghala likitoa uzito wa gunia, kilo 125 zimeshatofautiana kabla lori halijawasha injini. Pimeni magunia tupu ishirini kwa pamoja, mtafute wastani, muuandike, na pande zote mbili zitumie wastani huohuo msimu mzima.

Mzani nao uwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Mzani wa kidijitali unaotuma uzito moja kwa moja kwenye mfumo umepunguza sana ujanja wa karani kuandika anachotaka, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mzani wa kidijitali uliowekwa kwenye ardhi iliyoinama, chini ya mwembe, utatuma uzito wa uongo kwa usahihi mkubwa. Weka jiwe au chuma chenye uzito unaojulikana, upime kila asubuhi mbele ya wakulima kabla ya kuanza, na uandike matokeo. Siku ya ugomvi, ukurasa huo utakusemea.

Kwenye ubora, tahadhari na vipimo viwili vinavyosema jambo moja kwa lugha mbili. Wanunuzi wa India na Vietnam, ambako ndiko korosho ghafi zetu nyingi zinakokwenda, huulizia ratili za kiini katika gunia la kilo 80. Mtu akikuambia 50, anamaanisha ratili 50, sawa na kilo 22.7 za kiini. Mwingine anayefanya hesabu kwa asilimia atakuambia 28. Mzigo ni uleule. Nimewahi kuona watu wakirushiana maneno nusu saa nzima juu ya tofauti hiyo, mpaka mmoja alipotoa kikokotoo. Kwenye kila cheti cha sampuli, andika kipimo pembeni ya namba. Namba isiyo na kipimo usiipokee, hata ikitoka kwa mtu mkubwa.

Saa

Hili ni fupi lakini linakera. Karani anaandika kwamba lori limefika ghalani saa 4:00, akimaanisha saa nne asubuhi. Mfumo unasoma 4:00 kuwa ni alfajiri, saa kumi. Hati ya kuondoka, iliyojazwa kwa saa ya simu, inaonyesha lori liliondoka AMCOS 8:00. Kwenye kompyuta lori limefika saa nne nzima kabla halijaondoka, na programu inaikataa safari nzima. Kubalianeni kwamba kwenye hati zote za safari mnaandika saa kama inavyoonekana kwenye simu, tena kwa mtindo wa saa 24. Tarehe nazo ziandikwe kwa jina la mwezi: 3 Novemba 2025, siyo 3/11, maana kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma kuwa ni Machi 11.

Ukiuza mgodini

Ruangwa imepata mteja wa aina nyingine. Chini ya ardhi yake kuna kinywe, madini yanayohitajika kwenye betri za magari ya umeme na vifaa vya kuzuia moto. Mgodi wa Lindi Jumbo uko Matambalale na ulianza kuzalisha 2024. Mradi wa Chilalo nao uko wilayani humo. Serikali ilisaini mkataba wake Aprili 2023, ikiwa na hisa asilimia 16 kwenye kampuni ya ubia ya Kudu Graphite. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2018 zinazitaka kampuni za madini zinunue bidhaa na huduma kwa wenyeji kwanza. Mlango uko wazi. Wanaokwama wengi hukwama kwenye karatasi, na bidhaa zao ni nzuri.

Uelewe jinsi idara ya malipo ya kampuni kubwa inavyofanya kazi. Kwake kuna karatasi tatu: oda, hati ya makabidhiano iliyosainiwa getini, na ankara yako. Kompyuta inazilinganisha zote. Zikifanana, malipo yanaingia kwenye foleni. Zikitofautiana hata kwa kilo tano, haikulipi pungufu. Haikulipi kabisa mpaka mtu afungue faili na kuuliza, na mtu huyo ana mafaili mengine mengi mezani.

Mfano wa nyanya. Sokoni Ruangwa unanunua kwa tenga. Oda inasema kilo 300. Umepakia matenga uliyokadiria, umefika getini wamepima, zimekuwa kilo 276, na kilo 10 zimekataliwa kwa kuwa zimepondeka njiani. Aliyesaini ameandika 266. Ukirudi dukani na kuandika ankara ya kilo 300 kwa sababu ndivyo oda ilivyosema, umejifungia malipo mwenyewe. Andika 266, namba ya oda juu, namba ya hati ya makabidhiano chini yake. Risiti ya EFD itoe baada ya kujua kilichopokelewa, maana kuisahihisha baadaye ni safari nyingine. Na kama mauzo yako kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 200, kiwango cha kusajiliwa VAT tangu Julai 2023, na hujasajiliwa, usiweke asilimia 18 kwenye ankara kwa kuona wengine wanaweka.

Mambo mengine ya kukamilisha kabla ya kupeleka hata ndoo moja: jina la biashara lililoko BRELA, lililoko kwenye TIN, kwenye leseni na kwenye akaunti ya benki liwe moja. Uliza pia siku 30 za malipo zinahesabiwa kuanzia lini. Mara nyingi zinaanza siku ankara ilipokubaliwa kwenye mfumo, siyo siku uliyofikisha mzigo. Kama huna mtaji wa kusubiri miezi miwili, anza na oda ndogo, hakuna aibu.

Wenye malori, nyie mna jambo lenu. Kinywe hakiuzwi kama mchanga. Mnunuzi anataka kujua ukubwa wa magamba, kiwango cha kaboni na namba ya fungu, na mfuko wa fungu moja ukichanganyika na wa fungu jingine, cheti cha maabara hakina maana tena. Kwa hiyo namba za mifuko mnayopakia ziandikwe kwenye hati ya safari, moja moja. Zaidi ya hapo, Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya betri ambayo kuanzia Februari 2027 inataka betri ya gari la umeme iwe na pasipoti ya kidijitali, na inataka watengenezaji waeleze kiasi cha hewa ya ukaa kinachotokana na betri hizo. Usishangae basi siku mgodi ukikuuliza lori lako lilitumia lita ngapi za dizeli kutoka Ruangwa hadi Mtwara. Anza leo kutunza risiti za mafuta kwa kila safari. Atakayekuwa na rekodi hizo atapewa kazi mbele ya mwenye lori jipya asiye nazo.

Na kina mama wa kubangua, mkifikiria kuingiza paketi zenu madukani makubwa, hapo kinachoombwa ni bakodi. Zinatolewa na GS1 Tanzania, na namba zake huanza na 620. Bidhaa ya gramu 100 na ya gramu 250 ni bakodi mbili tofauti, hata kama korosho ni za kikaango kimoja.

Mtandao ukikatika

Panga kwa kujua kwamba utakatika. Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na huo ni mwezi ambao minada ya korosho huwa imeanza.

Kwa hiyo kitabu cha risiti chenye nakala tatu na namba zilizochapwa kiwandani usikitupe hata kama una kishikwambi. Wakati wa giza, andika humo. Mtandao ukirudi, ingiza kwenye mfumo kwa tarehe ya tukio na siyo tarehe ya kuingiza, na namba ya risiti ya karatasi iende pamoja. Namba hiyo ndiyo itakayokuokoa na kosa baya kuliko yote, la kuingiza mzigo mmoja mara mbili. Hutokea hivi: karani anabonyeza kutuma, kishikwambi kinazunguka, anadhani hakikutuma, anabonyeza tena. Mfumo ukipangwa kukataa namba ya risiti iliyokwisha kuingia, marudio yanajizuia yenyewe. Mwulize aliyewaletea mfumo kama unafanya hivyo. Kama haufanyi, mdai aurekebishe kabla msimu haujaanza.

Kaeni mezani Septemba

Nachingwea imewahi kuona gharama ya kujenga kiungo kabla ya kukubaliana kitabeba nini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliichagua kuwa mojawapo ya vituo vya mradi wa karanga, pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ilijengwa kutoka pwani ya Lindi hadi Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ikaanzishwa Mtwara kupokea mazao. Mradi ukafutwa Januari 1951. Bandari ilikamilika baada ya hapo, karanga zilizokusudiwa hazikuja, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikafungwa na kung'olewa. Nyuma ya reli ile kulikuwa na wahandisi hodari na fedha nyingi za walipa kodi wa Uingereza. Kilichokosekana ni hesabu moja iliyokubaliwa na shamba, reli na bandari: tani ngapi, lini, kutoka wapi.

Ninyi mnaweza kuifanya hesabu hiyo kwa asubuhi moja. Ufuta ukishauzwa na kabla ya korosho kuanza Oktoba, waiteni mwendesha ghala, mtu wa chama kikuu, mtu wa benki na mwenye malori. Kila mmoja aje na karatasi anayoitumia kweli, siyo maelezo. Ziwekeni mezani kwa mpangilio mzigo unavyotembea, mtafute namba moja inayoonekana kwenye zote. Kama haipo, na mara ya kwanza huwa haipo, mchague: namba ya hati ya safari inafaa, na kila anayefuata aiandike. Kisha mkubaliane unyaufu unaovumilika ni asilimia ngapi, uzito wa gunia tupu ni upi, na tofauti ikizidi hapo nani anaitwa ndani ya saa ngapi, kwa simu gani. Andikeni jina la mtu, msiandike cheo. Cheo hakipokei simu usiku.

Halafu jaribuni kabla ya mvua ya mzigo. Pelekeni benki faili la wakulima kumi lihakikiwe. Pitisheni lori moja kwenye njia nzima mkiandika kila hatua. Kitakachogoma kwa lori moja kingegoma kwa mia, na mnacho muda wa kukirekebisha.

Orodha za wakulima mzilinde. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na jedwali lenye NIDA, simu na akaunti za watu mia nne si kitu cha kurusha kwenye kundi la WhatsApp. Mnunuzi anayehitaji kujua jumla ya kilo hana haja ya namba za simu. Toa safu asizozihitaji, weka nywila kwenye faili, na nywila hiyo itume kwa njia nyingine.

Msimu ukifungwa, mlinganishe mara ya mwisho: kilo za gulioni, za ghalani, zilizouzwa na zilizolipwa, AMCOS kwa AMCOS, na mbandike matokeo ukutani wakulima wayasome. Karatasi zote zifungwe kwa msimu, ziwekwe juu ya chaga mchwa wasizifikie, na zitunzwe si chini ya miaka mitano kama sheria ya kodi inavyotaka. Nakala ya faili ikae kwenye kompyuta ya ofisi, na nyingine kwenye flashi inayokaa nyumbani kwa mjumbe wa bodi.